Kilima cha Osukuru Hakiko Kenya

Nabwire mwanangu, ambaye kwa wajomba zako unaitwa Athieno,

Umeondoka asubuhi kwenda Osukuru kumuaga nyanya yako, na kesho basi la Kigali linakuchukua. Mambo ya shuka, dawa ya malaria na kutopokea soda ya mtu usiyemjua ndani ya basi mama yako ameshayasema, na atayasema tena, kwa hiyo mimi sitayagusa. Nimeketi kibandani. Mvua inanyesha, wateja hawaji, na simu yangu iko mbele yangu kwenye meza ya kutengenezea, ikiwa na yale maneno uliyoyaacha: "Nabwire anataka kukuonyesha alipo." Chini yake kuna vitufe viwili, Kubali na Kataa. Tangu uondoke sijabonyeza hata kimoja. Kioo kikizima nakigusa kiwake, nasoma tena, kinazima tena.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotuoza mimi na mama yako. Mimi Msamia wa Masaba, yeye Mpadhola wa Osukuru, tulikutana sokoni hapa Busia na hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Tukapatana bei ya kitambaa kwa Kiswahili kibovu cha mpakani, tukatongozana kwa hicho hicho, na humo ndimo ulimokulia. Mambo ya moyoni hayajawahi kunitoka vizuri kwa lugha nyingine.

Programu hii umeitengeneza mwenyewe. Umeiita Nipo, na ndiyo iliyokupatia kazi huko uendako. Jana ulinieleza inavyofanya kazi: wewe unakubali, mimi nakubali, na nukta ya kijani inatokea kwenye ramani yangu popote utakapokuwa. Ulitaka niwe mtu wa kwanza kuitumia. Mimi, fundi wa simu maisha yangu yote, baba yako, nikakujibu kwamba nitaangalia. Uso wako ukabadilika kidogo, ukajifanya unatafuta chaja. Niliona. Ndiyo maana naandika badala ya kusema, kwa sababu kwa mdomo nitavuruga.

Hadithi yangu mimi, simu na nyanya yako unaijua. Mama yako anaisimulia kila Krismasi, na kila mwaka naonekana mjinga zaidi kuliko mwaka uliopita. Sikatai. Lakini yapo mambo ambayo hayamo katika hadithi yake, kwa kuwa siku ile yeye alikuwa kilimani na mimi nilikuwa hapa. Na mengine anayaruka kwa makusudi, kwa huruma.

Simu za kugusa zilipoanza kufika Busia, mimi nilikuwa fundi wa simu za vitufe. Nilibadilisha spika, nilikausha zilizoanguka chooni, nilifungua zilizofungwa. Halafu zikaanza kuingia hizo nyingine, kuukuu, zimetumiwa na watu wa mbali tusiowajua, vioo vimejaa mikwaruzo. Mtu alinunua, akapiga, akapokea, basi. Hakujua kwamba ndani yake kuna nafasi ya kuweka vitu. Aliyenifungua macho ni rafiki yangu Barasa wa ng'ambo ya Kenya, yule aliyekuwa akikuletea mandazi. Alikuwa anachukua programu mpya kwenye saiba za intaneti za Kisumu, anazibeba ndani ya memori kadi ndogo kama ukucha, anavuka nazo mpaka. Hakuna afisa aliyewahi kumuuliza amebeba nini. Nikapaka maneno kwenye ubao mbele ya kibanda: TUNAJAZA SIMU PROGRAMU MPYA.

Ungeona foleni. Madereva wa malori waliokwama mpakani walitaka programu ya kuonyesha kibla. Waashi walitaka ya kupima kama ukuta umenyooka. Mchungaji wetu alitaka Biblia, na wanafunzi wa chuo cha Busitema walitaka kamusi mbele ya watu na michezo baada ya watu kuondoka. Tochi alitaka kila mtu. Kulikuwa na moja ya kioo cha kujitazamia ambayo kwa kweli ilizima mwanga wa simu tu, ukajiona kama unavyojiona kwenye simu yoyote iliyozimika, lakini akina mama waliisifu sana. Nilikuwa najisikia mtu mkubwa. Watu walikuja na kitu wasichokielewa, wakaondoka wakitabasamu.

Na kulikuwa na ya kufukuza mbu. Ilitoa sauti ambayo eti binadamu haisikii, ila mbu anaisikia na kukimbia. Mimi niliiamini. Nataka ujue hilo, sikuwa tapeli, niliamini kabla ya wateja. Nilimwekea mjomba wangu kule Masaba, naye akakikunja chandarua, akakitumia kufunikia vifaranga. Haukupita muda akaugua malaria, na wanawe wakafuata. Nilipokwenda kumwona alikuwa anatetemeka, simu iko kifuani, bado inalia ile sauti isiyosikika na mtu. Hakunilaumu. Aliniuliza kama labda betri yake ilikuwa dhaifu.

Angenitukana ningeelewa. Mtu anaumwa na mbu anaowaona kwa macho, anawasikia sikioni, na bado anadhani kosa ni lake na si la simu. Nilimsimulia Barasa, tukacheka pamoja. Sikujua kwamba zamu yangu iko njiani.

Siku moja Barasa akaja na programu ya kutafutana. "Buda, hii kitu ni moto," akaniambia. "Unaweka kwa simu yako, unaweka kwa ya madam. Hakuna kuulizana uko wapi tena." Mama yako wakati huo alikuwa anauza leso na vitambaa pande zote mbili, leo Tororo, kesho Malaba, keshokutwa ng'ambo. Nakuapia, sikuwa na wivu. Kabla ya programu ile sikuwahi kukaa nikajiuliza mke wangu yuko wapi. Alikuwa kazini, na akirudi amerudi. Nilimwomba ruhusa nikimwambia ni kwa ajili ya usalama wake. Alikuwa anasonga ugali wa wimbi, hata hakugeuka.

"Weka tu," akasema. "Mimi siko na kitu ya kuficha."

Haikuwa na ramani wala nukta kama ya kwako. Iliandika jina la mahali tu, kwa kufuata mnara wa simu ulioshikwa. Tororo. Busia. Malaba. Mwanzoni ilikuwa raha, kama mchezo wa watoto wa kujificha. Halafu nikajikuta naangalia kabla ya kunywa chai. Nikajikuta naangalia mteja akiwa mbele yangu ananieleza shida yake. Ikiandika Tororo, nauliza Tororo sehemu gani. Ikiandika Busia, nauliza mbona hajafika nyumbani. Simu ilikuwa inanijibu swali ambalo sikuwahi kuliuliza, na kila jibu lilizaa swali jingine.

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu. Kila mtu wa Busia anajua kwamba simu zetu zinavuka mpaka bila sisi. Umelala kitandani Uganda, simu inakukaribisha Kenya. Umevuka kununua sukari, inakukaribisha Uganda. Mimi mwenyewe nilikuwa nawaeleza wateja, tena kwa kuwadharau kidogo, kwamba simu inafuata mnara wenye nguvu na haijui mpaka uko wapi. Nilieleza mpaka nikachoka kueleza. Waliosema mganga hajigangi walikuwa wananiona mimi.

Nyanya yako akaugua. Mama yako akakuchukua, mkaenda Osukuru kumuuguza. Ulikuwa mdogo, umeng'oka meno ya mbele. Siku ya kwanza simu iliandika Tororo, nikatulia. Kesho yake asubuhi ikaandika Malaba, Kenya. Nikapiga, hapatikani. Nikaangalia tena, Malaba, Kenya. Nikasema moyoni, mama yake yuko kitandani, yeye Kenya anafuata nini? Na mtoto amemwacha na nani? Nilikuwa na simu ya mteja mkononi, imefunguliwa, nyaya ziko nje. Niliiacha hivyo hivyo mezani, nikasimamisha pikipiki inipeleke Osukuru. Njia nzima nilikuwa naangalia kioo. Mwenye pikipiki akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia sijui, na hilo lilikuwa jibu la kweli.

Desturi zetu unazijua. Msamia na Mpadhola wanaweza kubishana juu ya mambo mengi, lakini juu ya hili hawabishani: mwanamume hafiki kwa mama mkwe wake bila kutuma habari, hampi mkono, haingii jikoni mwake, na chumba anacholala ni mwiko hata kukichungulia. Tangu tuoane nilikuwa nazungumza na nyanya yako yeye akiwa ndani na mimi nje, ukuta ukiwa katikati, na kwa njia hiyo tulipendana sana. Siku ile nilifika uani sikukuta mtu. Nikaita, kimya. Nikaingia. Nikasogeza pazia, simu imewaka mkononi, na nyanya yako alikuwa amelala kitandani, nguo imelegezwa kwa sababu ya joto la homa. Sikusalimia. Sikumuuliza hali. Nilisema, "Yuko wapi?"

Alivuta shuka akafunika uso. Hapo ndipo nilipotambua nimesimama wapi. Nilirudi kinyumenyume, nikagonga kisogo kwenye mlango, nikatoka nikaketi chini nyuma ya nyumba, karibu na jiwe la kusagia. Nilisubiri apige yowe majirani waje, nikaona ningestahili. Hakupiga. Baada ya muda sauti yake ikapita ukutani, nyonge, ya adabu, kwa Kiswahili ili nisikose kuelewa. Alikuwa anawaambia watu ambao hawakuwepo, maana hakuweza kuniambia mimi moja kwa moja.

"Mwulizeni mkwe wangu, yeye natafuta nini? Tumsaidie kutafuta."

Nabwire, nilifungua mdomo niseme namtafuta mke wangu, lakini haikuwa kweli. Mtu anayemtafuta mke wake kwenye nyumba ya mgonjwa anaanza na habari za mgonjwa. Nilikuwa natafuta kitu kingine na sikukijua jina. Nilikaa pale nimeshika simu, nayo bado inasema Malaba, Kenya.

Halafu nyinyi wawili mkatokea, mnashuka kilimani. Wewe umebeba mapera kwenye sketi. Mama yako ameishika simu juu ya kichwa, kama tulivyokuwa tunafanya sote tukitafuta netiwaki. Kumbe bondeni hapakuwa na kitu, ndipo akapanda asubuhi kunipigia anijulishe kwamba mama yake ameanza kupata nafuu. Kule juu simu ikaushika mnara wa Kenya na laini yake ya Uganda ikakataa kupiga, ikapitisha jina la mahali tu. Alijaribu, akahama jiwe, akajaribu tena, na wewe ukawa unachuma mapera.

"Nilikuwa nakupigia wewe," akaniambia. Halafu akaona nilipoketi, akaliona pazia limening'inia upande, akaelewa.

Wazee wa pande mbili wakakutana. Ilinibidi nilete mbuzi, blanketi jipya la nyanya yako, na maneno ya kuomba radhi mbele ya watu. Mzee mmoja wa Osukuru alitaka aelezwe kosa lilianzia wapi. Nikaeleza habari ya programu, mnara na jina la mahali. Akafikiri sana.

"Hii kilima yetu iko Kenya?" akaniuliza.

Nikasema haiko.

"Na wewe ulikuwa najua haiko?"

Nikasema nilikuwa najua. Akawageukia wenzake, wakacheka mpaka mmoja akalazimika kusimama apate pumzi. Tangu siku hiyo ukoo mzima ukinikosea heshima kidogo unaniambia hivyo: kilima cha Osukuru hakiko Kenya. Hata wewe uliimba ukiruka kamba.

Mpaka hapo ndiyo hadithi ya Krismasi. Analoliruka mama yako ni kwamba hakurudi nami. Alibaki kwao mpaka wimbi likavunwa, likakauka, likawekwa ghalani. Wewe ulikuwa unanipigia kwa simu ya mjomba wako kuniuliza kama nimesafiri. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kurudi nyumbani jioni na niliogopa kulala kibandani. Programu ile bado ilikuwa kwenye simu yangu, na yeye alikuwa ameizima yake, kwa hiyo iliandika jina moja tu siku zote, lile la mwisho, Malaba, Kenya. Sikuifuta. Sijui kwa nini sikuifuta. Nilikuwa naifungua kulisoma jina la mahali ambapo najua hayupo.

Aliporudi hakunieleza kwa nini amerudi, kama vile hakunieleza kwa nini amebaki. Aliitoa betri kwenye ile simu ya kugusa, akaitupa ndani ya sanduku langu la simu mbovu, akatumia simu ya tochi kwa miaka mingi. Leso zake aliendelea kuuza pande zote mbili. Akiondoka anasema anakokwenda, nami nasema haya. Nyanya yako naye alipona, akanisamehe, na adhabu aliyonipa ni ile unayoniletea hata wewe mwenyewe: kila anayetoka Osukuru analeta salamu na swali, "Mkwe wangu amekipata?" Nami hujibu bado. Watu wanadhani ni utani.

Sasa nieleze wewe uliyesoma. Leo asubuhi ulipomwonyesha mama yako Nipo, nilijua atakataa. Nilikuwa hata nimejiandaa kukutetea. Akabonyeza Kubali kabla hujamaliza kueleza, akauliza kama inawezekana nukta iwe nyekundu. Mchana aliponiletea chakula nikamuuliza inakuwaje, yeye, baada ya yote yale.

"Wewe ulikuwa naniangalia," akasema. "Huyu mtoto nasema, niangalieni. Si kitu moja."

"Nukta ni nukta," nikasema.

"Kula," akasema.

Nimekula na bado sijaelewa. Nahisi anasema kweli, na nahisi vile vile kwamba kweli yake hainifai mimi. Yeye ataitazama nukta yako atabasamu, kisha aende kuuza leso. Mimi sijui nitafanya nini. Yaani, nilikuwa sijui, mpaka aliponiachia simu yake ichaji na kuondoka.

Nilisema nitaangalia mara moja tu, nione kazi ya mwanangu. Ni kazi nzuri, Nabwire. Katika programu zote zilizopita mikononi mwangu, sijaona iliyo safi hivi. Hata njia ya mbuzi ya pale kwa nyanya yako imo. Na nukta yako haikuwa kwa nyanya yako. Ilikuwa kilimani.

Kwanza ilinichekesha. Nikacheka peke yangu kibandani. Halafu nukta haikusogea. Siku hizi netiwaki inafika mpaka jikoni kwa nyanya, hakuna sababu ya kupanda kule kupiga simu, tena kwenye mvua. Nikajiuliza umefuata nini. Nikajiuliza uko na nani. Nikamkumbuka yule kijana wa Busitema aliyekuleta kwa pikipiki siku ya mahafali, ambaye nilikuwa nimemsahau kabisa, na ambaye alinisalimia vizuri. Nikakumbuka ulivyoharakisha asubuhi, ulivyokataa mama yako akusindikize. Chai niliyokuwa nimejimiminia ilikuwa bado ya moto, na mimi nilikuwa nimeshafika tena pale kwenye pazia.

Nikachukua simu nikupigie. Ningesema nini? Uko wapi? Nilikuwa nakuona.

Nikaigeuza simu ya mama yako kifudifudi, nikaifunika kwa kitambaa cha kufutia vioo. Programu ya Barasa ilinidanganya, na miaka yote hii, ndani ya moyo wangu, nimekuwa nikiupa ule mnara wa Kenya sehemu ya lawama. Ya kwako inasema kweli. Umesema uko Osukuru, nayo inasema uko Osukuru, na kilima ni cha Osukuru tangu zamani. Hakuna aliyedanganya. Nimepata ukweli mtupu, na nimeufanyia yale yale niliyoufanyia uongo. Sasa nimlaumu nani?

Nilikuwa nimefika hapa katika barua hii ulipopita kibandani, umelowa, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nimeificha karatasi chini ya kisanduku cha bisibisi, sijui kama uliona. Umesema nyanya ni mzima na amekutemea mate ya baraka. Hukusema chochote juu ya kilima. Sikuuliza. Ulimi uliniwasha, nikauuma. Kisha ukacheka ukasema, "Nyanya anauliza kama umekipata."

Nikasema bado. Ukaitazama simu yangu mezani, ukaona vile vitufe viwili bado vinasubiri, na wewe pia hukuuliza. Ukachukua mwavuli wangu ukaenda kumsaidia mama yako. Nimebaki nakutazama mpaka ulipokata kona, na ulipokata kona sikujua tena uko wapi, ingawa nilijua unakwenda nyumbani.

Mwanangu, nimebonyeza Kataa. Nimebonyeza baada ya wewe kukata kona, na haikuwa rahisi, kwa sababu najua ni kitu chako cha kwanza na ulitaka kiwe kwangu. Sijaikataa kazi yako. Nitawaonyesha wateja wote kwenye simu ya mama yako, nitajisifu mpaka wakimbie. Mama yako atakuona na mimi nitamuuliza yeye, naye atanijibu akipenda. Sijui kama nimefanya vizuri. Inawezekana kabisa kwamba mama yako ana akili na mimi sina, hilo nalo si jipya.

Lakini huko uendako utatengeneza nyingine na nyingine, na mahali fulani atakuwepo mtu kama mimi, ameketi kibandani, mtu wa kawaida, anampenda mkewe. Au mtu kama mjomba wangu anayeuliza kama betri ni dhaifu. Ukipata nafasi, tengeneza moja ambayo mtu akitaka kumtazama mwenzake, kabla haijamwonyesha, inamuuliza kwa adabu kama nyanya yako alivyoniuliza: unatafuta nini? Na isubiri jibu. Sijui kama jambo hilo linawezekana kwenye simu. Kwenye ukuta wa udongo liliwezekana.

Barua hii naiweka ndani ya mfuko wa kompyuta yako, utaikuta njiani nikiwa siwezi kuchukua maneno yangu. Ukifika, nipigie kwa sauti. Ukiniambia uko kazini, uko kazini. Ukiniambia uko chumbani umelala, umelala. Na siku ukiniambia mwenyewe ulichofuata kule kilimani nitafurahi, na usiponiambia, basi ulikuwa kilimani, kwenye kilima cha Osukuru, hata simu zote za dunia zikisema uko Kenya.

Baba yako,
Wandera